Mzigo wa Kila Nyumba

Sufuria yangu ya muhogo wa nazi ilirudishwa imejaa vile vile ilivyotoka. Aliyeirudisha ni bibi jirani yangu, mtu mzima aliyeniona nikizaliwa. Aliitua barazani, akakiweka sawa kifuniko, akaniuliza hali ya mafua yangu. Hakusema neno hata moja la ubaya. Kwetu Pemba, ukipikia watu chakula kisha ukarudishiwa hakijaguswa, umeshatukanwa mbele ya mtaa mzima. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

"Bi, mbona hawakula?" nikamuuliza.

"Chakula kizuri, mwanangu. Ila leo wataka nchanga."

Jumapili ile ilikuwa siku ya ujenzi wa taifa. Skuli yetu ya serikali hapa Tumbe ilikuwa inaongezwa chumba kimoja cha darasa, na utaratibu ulikuwa kwamba wananchi tupandishe kuta mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu serikali imalize paa. Afisa aliyekuja kutukagua alisema wazi kwamba tusipofika kwenye lenta kabla ya masika, mabati yatapelekwa shehia nyingine iliyo tayari. Kwa hiyo sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, akapitisha kwamba kila nyumba itoe mtu, kila Jumapili, abebe mchanga na mawe kutoka machimboni hadi skuli. Ni mwendo wa nusu saa, na mzigo uko kichwani.

Mimi ni mwalimu wa skuli hiyo hiyo. Nafundisha hesabu darasa la nne, watoto zaidi ya mia chumba kimoja, nusu yao wanakaa sakafuni na madaftari mapajani. Nikisema sita mara saba, walio nyuma wanasikia mlio tu. Ndiyo maana binti yangu, mtoto wangu wa pekee, nilimtoa pale akiwa darasa la kwanza nikampeleka skuli ya kulipia huko Wete, na sasa alikuwa darasa la tatu. Kila alfajiri gari ya skuli ilimchukua mlangoni, naye alipanda akikimbia. Mshahara wangu na pesa ya tuisheni ya jioni viliishia huko. Basi sheha alipotangaza zamu ya mchanga, nilijiambia kwamba mimi sina mtoto katika skuli ile, nimeshajitwika mzigo wangu, na mtu mwenye adabu kama mimi atapeleka chakula. Nikapika muhogo mzuri, nazi mbili, nikaupeleka nikiona nimetenda jambo kubwa.

Miezi ile ile redioni walikuwa wanabishana kuhusu kodi. Wengine walitaka ada za skuli za kulipia zitozwe kodi na wenye vipato vikubwa wakatwe zaidi, pesa ziende kwenye skuli za serikali. Wengine walisema huko ni kuwaadhibu watu kwa kujitafutia. Katika chumba cha walimu hakuna aliyepiga kelele kunishinda. Nilisema ni dhuluma. Nilisema, "Mimi nimemtoa wangu, benchi lake nimewaachia wengine, ada nimeshalipa. Nilipe mara ya pili kwa kosa gani?" Walimu wenzangu wakacheka, wakasema leo tajiri kaamka vibaya. Mimi, tajiri!

Bibi hakuondoka baada ya kuitua sufuria. Alikaa kwenye ukingo wa baraza akajifuta jasho la mchanga aliokwisha kuubeba, yeye na miaka yake sabini. Mjukuu wake alikuwa darasa la tatu, na mwaka uliofuata angeingia kwangu kukaa sakafuni.

"Chakula waleta siku utakayo," akaniambia taratibu. "Siku umeudhika, huleti, wala hapana wa kukuuliza. Nchanga twauandikia majina. Ukikosa, twajua umekosa."

Aliposhika njia, niliingia jikoni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia sheha, nikakasirikia hata nazi. Muhogo ule tuliula mimi na binti yangu siku mbili mfululizo, kila chakula, mpaka akaniomba mkate. Siku ya pili hasira ikaanza kunigeukia mwenyewe, maana kila nikiyatafuta maneno ya kumjibu bibi, siyaoni.

Jumapili iliyofuata nilikuwa machimboni kabla jua halijapanda. Hakuna aliyenipongeza, na ilikuwa haki yao. Mwanamke mmoja alinisokotea kanga yangu ikawa ngata, akaniwekea kichwani, juu yake karai la mchanga, akanisukuma begani nianze kwenda. Kufika skuli shingo ilikuwa imekufa ganzi. Nilirudi mara nne. Usiku sikuweza kugeuka kitandani, lakini nilifurahi kweli kweli, kwa sababu sheha aliliandika jina la nyumba yangu.

Hata hivyo mimi ni mwalimu wa hesabu, na Jumapili iliyofuata hesabu haikukaa sawa. Niliutazama mchanga tuliouleta, nikazitazama kuta, nikahesabu Jumapili zilizobaki. Kwa vichwa vya wanawake na wazee tusingefika kwenye lenta. Na wakati huo huo, mtaa wa pili, pikapu tatu zilikuwa zimeegeshwa chini ya mwembe wa mwenyewe.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa dagaa, mtu mwenye kipato kikubwa kuliko sote tuliobaki tukijumlishwa. Ana watoto wanne, wote walikuwa gari moja na binti yangu wakienda Wete. Siku za giza, mwezi usipoonekana, pikapu zake hazilali, zinasomba dagaa kutoka pwani. Lakini mbaamwezi inapokuwa kali, dagaa haji kwenye taa za wavuvi, na siku kadhaa magari yale hukaa bure hadi kuku hupumzika chini yake. Jumapili ile ilikuwa mbaamwezi.

Na yeye alikuja. Hilo siwezi kumnyima. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba karai moja la mchanga kichwani mwake mwenyewe, akalimwaga mbele ya sheha, akakung'uta mikono. Watu wakampigia makofi. "Tajiri kabeba! Tajiri kabeba!" Sheha akaandika jina, naye akawa anaondoka.

Nilichemka. Sikungoja ruhusa ya sheha.

"Bwana, samahani. Umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu. Kila nyumba nzigo. Miye nyumba moja, na nzigo ndio ule." Akatabasamu. "Weye ndiye wa hesabu. Moja na moja si sawa?"

"Kwa makarai ni sawa. Lakini bibi huyu ana shingo moja. Wewe una shingo moja na pikapu tatu."

Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Tabasamu lake likatoweka. Akasema pikapu alizinunua kwa jasho lake na hakumwibia mtu. Akasema watoto wake wanne anawalipia ada, hawamkalii mtu benchi hapa, yeye ameshalipa, kwa nini alipe mara ya pili?

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya chumba cha walimu, karibu neno kwa neno, na nilipoyasikia kinywani mwa mwingine niliyaona madogo. Kabla sijajibu akaniwahi.

"Na weye, mwalimu? Wako ntoto yuko wapi? Mbona hapana siku namwona skuli hii?"

Mafundi waliokuwa juu ya kuta wakasimamisha miiko yao. Bibi jirani aliinamisha macho, akinionea haya.

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema mimi ni mwajiriwa wa mshahara mdogo na yeye ni tajiri, na ingekuwa kweli. Badala yake nilisema hivi, na nilipaza sauti:

"Yuko Wete, kwa sababu darasa langu halifundishiki, na mimi najua kuliko wewe. Chumba hiki kikipata paa, nitamrudisha hapa. Mwaka mpya wa masomo, siku ya kwanza. Sheha, andika. Wewe sikwambii uwarudishe wako, hao ni wako. Nakwambia ulete gari, kwa kuwa unalo na sisi hatuna."

Sheha kweli aliandika. Mfanyabiashara akageuka akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi ya Jumatatu nilisikia pikapu ya kwanza ikipanda kilima. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Yeye mwenyewe hakuja, alituma madereva na kuwalipia mafuta, na kwa siku nne zile za mbaamwezi walisomba mchanga na mawe ambayo sisi tungeyabeba miezi. Jumapili tuliwakuta mafundi wanatungoja tuwaletee maji na udongo tu. Tulifika kwenye lenta wiki mbili kabla ya mvua. Afisa akaja na kamba yake ya kupimia, akatikisa kichwa kukubali, na baada ya masika mabati yakaletwa.

Mume wangu anafanya kazi Unguja. Habari ilimfikia kabla sijampigia.

"Umewaahidi watu mtoto wangu?" aliniuliza kwenye simu.

"Nimewaahidi mtoto wetu."

"Ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa na hasira," nikamwambia. "Na ahadi ni ahadi."

Akakata simu. Siku ya pili alipiga tena akasema nisimnunulie binti sare ndogo, anakua upesi. Kwa mume wangu hiyo ndiyo ridhaa.

Binti hakutoa ridhaa. Nilipomweleza, alisema Wete ana marafiki, ana maktaba, yuko wa pili darasani na mwakani angekuwa wa kwanza. Akaniuliza yeye alikosa nini. Nilimwambia hakukosa chochote, mama yake ndiye aliyekawia kubeba mchanga. Hakuelewa, akalia. Sikuwahi kumwonea huruma mtu yeyote kama nilivyomwonea yeye usiku ule, na sikubadilisha neno.

Siku hizi chumba cha walimu bado wanabishana kuhusu kodi. Nimehamia upande wa pili, na nasema kwa kelele zile zile: ada zitozwe, wenye vipato vikubwa wakatwe zaidi, na mimi mshahara ukipanda nikatwe. Mwenzangu mmoja hunitania kwamba nimegeuka kwa kuwa sina tena ada ya kutozwa. Namwambia aseme atakavyo, ila Jumapili aje na karai. Gari ya skuli ya Wete bado hupita mlangoni kwangu alfajiri, watoto wanne wa mfanyabiashara wamo ndani, na mara nyingine najiuliza kati yangu na yeye nani alitoa zaidi. Sheha hakuandika hilo.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo niliingia chumba kipya na nusu ya darasa la nne. Saruji ilikuwa bado inanuka. Kila mtoto alikuwa na pa kukaa, na mjukuu wa bibi alikuwa anaupapasa ubao wa dawati lake kwa viganja viwili. Binti yangu alikaa safu ya tatu, ushungi mweupe, mgongo umenyooka, macho ukutani. Tulikuja njia moja asubuhi ile, yeye mbele mimi nyuma, bila kusemezana. Nilifungua rejista nikaanza kuita. Nilipofika jina lake, nikaliita kama mengine.

"Nipo, mwalimu," akaitika.

Tangu alipojua kusema hakuwahi kuniita ila mama. Iliniuma hata nikashika ukingo wa meza. Nikaweka alama mbele ya jina lake, nikaita linalofuata.