Pampu ya Donatus Ilipozimwa

Mume wangu Pantaleo ni mwalimu wa hesabu, na anayetaka kusema kwamba ndiye aliyemuua mdogo wangu Davis, aje aniambie mimi usoni. Maneno hayo niliyasema mimi wa kwanza, msibani, mbele za watu. Najua yanavyouma.

Pantaleo hajui kukaa bure. Kila Jumamosi alitoka hapa Samuye na pikipiki kwenda Mwakitolyo, kwenye duara, shimo la dhahabu alilochimba Davis. Anashusha kamba yenye jiwe, anapima maji kila nusu saa. Wachimbaji walimcheka: "Mwalimu, umepata kambare?" Pampu yao ilikuwa ya kuazima. Wanakausha duara alfajiri, pampu inaondoka, kisha wanachimba huku maji yanarudi taratibu. Cha kujua ni saa ya kupanda tu.

Hiyo saa akaitafutia kompyuta. "Mama Blessing, njoo uone," akaniita. Akanionyesha maandishi mafupi, mistari minne. Ukiyapa saa na kina cha maji, yanajibu jambo moja tu: maji yanapanda kwa kasi gani sasa hivi. Maandishi mengine yanachukua kasi hiyo, yanasogeza maji dakika moja mbele, yanarudi kuuliza tena.

"Na hiyo kasi inaijuaje?"

"Nimeiandika mimi. Duara likiwa kavu maji yanaingia haraka, yakipanda yanapunguza mwendo. Ndio mlinganyo wenyewe."

Haya, nikamwambia, ugali unapoa.

Basi ikapatia! Miezi mitano ikitaja saa, maji yanafika saa ileile. Davis akawa hashuki bila kupiga simu. "Shemeji, leo tunapanda saa ngapi?" Akishajibiwa, "Wabeja, shemeji!" kwa Kisukuma chetu cha shukrani, anakata.

Mwezi Machi akafariki mama yake Donatus, mwenye duara la jirani. Donatus akazima pampu yake kubwa, iliyokuwa ikinguruma usiku na mchana, akasema haiwashi mpaka matanga yaondolewe, siku tatu. Nani angembishia? Tulikwenda kuzika. Pantaleo aliketi chini ya turubai akaninong'oneza, "Leo hata tunasikilizana." Nami nikasema ee, raha. Mungu atusamehe.

Kesho yake kina Davis walirudi kazini. Alipopiga simu, Pantaleo akasoma kwenye kioo: "Mpaka saa sita mko salama."

"Wabeja, shemeji!"

Maji ya Donatus, yasiyovutwa tena, yalijaa yakapenya mwamba hadi kwenye duara la kina Davis. Fredy, mchimbaji mwenzake Davis, aliyekuwa karibu na mdomo wa duara, alitoka yamemfika kifuani. Davis alikuwa mwisho kabisa wa njia ya chini kwa chini, ng'ambo ya bonde pale njia inapoinama, na bonde ndilo lililojaa kwanza. Simu yake aliiacha juu, ndani ya mfuko wa nailoni. Ameitegea kengele saa sita kasoro robo. Ililia mikononi mwa Fredy, watu bado wanahangaika kuazima pampu.

Wiki mbili Pantaleo hakuigusa kompyuta. Ya tatu akaifungua, akaandika upya: maduara mawili, kina cha hili na kina cha lile, kila kimoja kinamsukuma mwenzake, na pampu ya Donatus imezimwa. Ikajibu saa tatu na dakika hamsini. Fredy alikuwa ametuambia njia iliziba karibu saa nne.

"Sasa iko sahihi," akasema, akaanza kulia kwa sauti.

Nilikuwa na hasira ya kuitupa kisimani ile kompyuta, naye nimtupe humohumo. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Ukimwambia apande saa tatu?"

"Anapanda. Wote wanapanda."

"Basi iandike hivyo, Baba Blessing."

Akaandika. Tukakaa wawili tukitazama mstari wa maji unapanda, unapita saa nne, unafika juu, na ndani ya duara hamna mtu.