Chokaa ya Masinde

Masinde alitoka Bungoma kuja Kampala kuchemsha sabuni, akaishia kuchemsha mafuta ya lori la jeshi. Usiniulize kazi hiyo aliiombaje. Mwaka wa sabini na tano hukuomba, ulipewa. Dizeli ilikuwa imeadimika, na kiwanda chao kule Namuwongo, kando ya reli, kilikuwa na mafuta ya mbegu za pamba mapipa kwa mapipa.

Mafuta hayo ni mazito, injini inakabwa nayo. Masinde aliyachanganya na spiriti, akayapasha moto pamoja na chokaa, yakajitenga: chini gliserini nzito kama asali, juu mafuta mepesi yanayowaka kama dizeli. Chokaa yenyewe haikuliwa. Ilichochea tu, ikabaki palepale kungoja mafuta mengine. Ila ilikuwa na maringo yake: ichomwe tanuruni mpaka iwe nyekundu, kisha ifungiwe ndani ya pipa, maana ikipata unyevu tu, basi, imelala. Alihangaika muda mrefu mpaka ikamkubali, na jamani, aliipenda.

Kanali aliyempa kazi hiyo akaleta habari kwamba Jumatatu atakuja kuona lori likiwashwa. Lisipowaka, fundi ni mhujumu. Wahujumu walitiwa kwenye buti ya gari, na hawakurudi.

Jumapili Masinde akaja kupika mafuta ya kesho, akafungua pipa. Tupu! Akatoka nje. Sajini Ongom, mlinzi wa kiwanda, alikuwa ameikoroga chokaa yote kwa maji na kupaka mawe kuanzia langoni hadi ofisini, na miti pia mpaka kiunoni, kama inavyofanywa kila kambi mkubwa anapotarajiwa. Masinde akamweleza Sajini taratibu alichoharibu. Kuchoma nyingine hakukuwa na muda wala kuni. Sajini hakukasirika.

“Bwana mukubwa anakuja,” alisema. “Mawe ikiwa nyeusi, itakuwa aibu ya nani?”

Jumatatu Masinde alimpeleka mkewe, Nabalayo, ajifiche kwa dada yake kule mtaa wa Kyebando, akatia mafuta mabichi kwenye tangi, akakaa nyuma ya usukani kama alivyoamriwa. Aliomba Mungu Kanali asiliulizie lori.

Kanali akashuka, akayafuata mawe pole pole, akalipitishia moja kidole. Akauliza hii ni kazi ya nani. Sajini, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema chokaa ni ya Masinde.

“Hii ndiyo kazi,” Kanali alisema. “Kutoka leo, chokaa yote inaenda kambini.”

Akapanda gari, akaondoka.

Nabalayo alirudi, akalia kwa furaha, akachinja kuku. Akamwuliza mumewe mbona hali chakula.

“Lori hakuliulizia,” Masinde alisema. “Hata kulitazama.”

Mkewe akasema basi ashukuru. Masinde akasukuma sahani, akamwita Kanali mpumbavu, kwa sauti kubwa hata Nabalayo akainuka kufunga dirisha.