Beringi, Bisibisi na Shikamoo

Kiwandani Moshi, tulikokuwa tunakoboa kahawa, fundi mkuu alikagua mashine kwa njia tatu. Alishika kasha la beringi, ile ringi inayobeba shafti, mhimili unaozunguka, kwa kiganja asikie joto. Alisugua grisi vidoleni atafute chembe za chuma. Kisha njia aliyoiamini kuliko zote: aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini sikioni, akafumba macho. Mimi nikaja na ya nne, kipima mtetemo. Kiganja hushtuka beringi ikiwa imeshaungua. Grisi huwahi kidogo, bisibisi huwahi zaidi, ila kwa mwenye masikio. Kipimo changu kilizitangulia zote, na nilikuwa na kiburi nacho, sikatai.

Miezi ile kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye anapita kimya. Loo, nilivyochukia! Mtu mzima anashindwa hata kuitikia marahaba? Nikajua ananidharau kwa ajili ya kile kidude changu, au kwa kuwa mimi ni mwanamke.

Siku moja taa ya kipimo ikawaka nyekundu kwenye beringi ya mashine kubwa. Nikamwonyesha. Akaweka bisibisi yake, akasikiliza.

"Inaimba vizuri, binti. Iache."

Ningeweza kwenda kwa meneja. Ningeweza hata kuizima mwenyewe, swichi ilikuwa hatua tano tu. Lakini nilikuwa na hasira naye. "Haya, shauri yako," nikasema akiwa amenipa mgongo, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka na yeye ameinama palepale, bisibisi sikioni. Nikapiga kelele, "Mzee, toka!" Mara tatu. Wapakiaji kule getini waligeuka. Yeye hakugeuka. Shafti ilipochomoka iliondoka na mkono wake wa kulia.

Hospitalini mkewe ndiye aliyeniambia. Masikio ya mumewe yalikuwa yamekufa mwaka mzima, akaficha wasije wakampumzisha kazi, na watoto bado wanasoma.

Mwezi uliopita nilipanda hadi kwake Kibosho kumwomba radhi. Nilimkuta mgombani, anamkatia ng'ombe majani kwa mkono mmoja. Nikamwamkia. Akanitazama midomo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nikamweleza, taratibu, kwamba siku ile nilimwambia shauri yako.

Akakunja uso, anajaribu kukumbuka.

"Ulisema hivyo? Mimi nilidhani hukuniamini, umeenda kumwita meneja. Nilikuwa nakusubiri, binti."