Siku Niliyomlinda Bibi Asile Sukari

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sijawahi kuona sababu ya kujitetea kwa hilo. Miaka ile ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika kwetu, kwenda Kibaoni kununua sabuni kwangu ilikuwa safari, na nikirudi kwetu Viwanja Sitini, hapo hapo Ifakara, nilivua viatu kama mtu aliyetoka vitani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Cheti changu kilikaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na katika alama zote zilizokuwemo niliyoipenda ni moja: Biolojia, D. Kwa D hiyo nilijiteua kuwa daktari wa bibi yangu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na kisukari. Wazazi wangu walikuwa wanalima upande wa Mahenge, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mwaka huo alilazwa wiki saba kwa kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliushika ule mguu akaniangalia mimi, hakumwangalia mwenye mguu.

"Mjukuu," akasema, "huu ukirudi hapa na kidonda kingine, hatatoka nao."

Halafu akaeleza namna ya kula. Alieleza mengi. Mimi nilitoa daftari, nikaandika MARUFUKU kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini yake, na kuanzia hapo nikawa naandika yale ya kukataza tu. Yale mengine, ale nini na ale saa ngapi, niliyaona ya kawaida. Nani asiyejua kula? Nesi alisema apunguze wali. Mimi niliandika "wali". Alisema vitumbua si kila siku, niliandika "vitumbua". Kidonge cheupe cha asubuhi nilikiandika pembeni, peke yake.

Sasa, kumzuia wali mtu aliyezaliwa na kuzeekea katika mpunga si kazi ya mchezo. Na bibi hakuwa mgonjwa mpole. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza wake, basi kila nilichomnyima kilikuwa wivu wa ndoa. "Mke mwenzangu ananiua kwa njaa abaki na mzee peke yake," aliwaambia majirani kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mzee mwenyewe, yaani babu, alikuwa na miaka kumi na moja kaburini. Utani hauangalii mambo hayo.

Na nikigeuka tu alikuwa ananiibia chakula, tena alikuwa anaigiza. Jioni moja nilimkuta amelala chali jikoni, macho ameyapindua, mkono unatetemeka. Nililia. Nilisahau daftari, nikamkorogea chai ya vijiko vitatu vya sukari, nikamwinua kichwa, akanywa nusu kikombe, halafu akafungua jicho moja: "Ongeza maziwa basi." Wiki iliyofuata alirudia mbele ya majirani, nao wakacheka mpaka wakashika kuta. Tangu hapo niliapa kwamba hata aanguke vipi, mimi sitaguswa.

Mwezi wa sita baba mdogo, mdogo wake baba, akatuletea ujumbe. Alikuwa anafanya kazi kwenye boila la kiwanda cha sukari huko Kidatu. Kampuni moja ya michezo kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekuja na bembea za mashine, farasi wa mbao wa kuzunguka, na gurudumu kubwa la viti, imefunga mitambo kwenye uwanja wa mpira. Mleteni mama apumzike siku tatu, alisema, aone dunia kabla haijaondoka uwanjani.

Mimi sikutaka. Nilisema mguu. Bibi alisema mguu ni wake na mtoto ni wake. Usiku ule ule akafunga pepeta kwenye mkebe, ule mchele mchanga wa kukaanga na kutwanga, zawadi ya mwanawe. Mkebe niliubeba mimi, mapajani, basi zima, kwa sababu nilimjua.

Nani anampeleka mgonjwa wa sukari kupumzika kwenye mashamba ya miwa? Swali hilo lilinijia tulipoanza kuyapita, miwa kulia, miwa kushoto, mirefu kuliko basi, na barabara ikawa kama imechimbwa ndani yake. Msimu wa kuvuna ulikuwa umeanza. Walikuwa wanachoma majani kabla ya kukata, na masizi meusi yalielea angani, marefu na membamba, yakitua kwenye mabega ya watu bila mtu kuyapangusa. Bibi alitoa mkono dirishani akadaka moja, akalisaga kati ya vidole.

"Hata moshi wao mtamu," akasema. "Huu nao umeuandika?"

Kwa baba mdogo chai ilichemshwa na sukari humo humo kwenye sufuria. Ndivyo walivyozoea kule, watu wa mikoa yote waliofuata kazi. Mgeni kupewa chai isiyo na kitu ni kufukuzwa. Nilimwamkia mama mdogo, mkewe, shikamoo kwa heshima zote, halafu nikamnyang'anya jiko. Usiku bibi alikula ugali wa kiganja kimoja na mchicha. Asubuhi nikampa kidonge chake cheupe na chai kavu isiyo na sukari. Mama mdogo alileta maandazi, nikakataa. Akaleta viazi vitamu vya kuchemsha. Hivyo nilivikataa kwa sababu ya jina tu: vitamu.

"Sasa atakula nini?" mama mdogo akauliza.

"Tutakula tukirudi. Nitampikia mwenyewe."

Mama mdogo alimwangalia mkwewe, akaniangalia mimi, akafunika viazi kwa sahani. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi.

Uwanjani tulikaa kutwa. Sijapata kuona mahali palipopangwa kumshinda mtu kama pale. Kashata. Bisi za sukari. Soda kwenye madebe ya maji. Miwa imemenywa, imekatwa vipande, imepangwa kwenye sinia kama meno. Nilipita katikati yake nimemshika bibi mkono kama askari na mahabusu. Aliomba muhogo wa kukaanga; nikasema mafuta. Aliomba ndizi, nikasema hapana, ni tamu. Mchana aliomba tu tukae chini, nami nikafurahi kwamba hakuomba chakula. Nilidhani amezoea.

Kwenye saa tisa akaanza ukorofi. Alimgombeza baba mdogo kwa kitu ambacho hakikuwepo. Akasema jua kali, wakati jua lilikuwa limefunikwa na moshi. Nilimpangusa jasho kwa ncha ya kitenge, kikalowa, nikakikamua.

"Mke mwenzangu, nipe muwa," akasema. "Kipande kimoja. Natetemeka."

"Tetemeka, bibi. Nimeshaiona hiyo."

Wanawake waliokaa karibu nasi wakacheka. "Kweli huyu kaolewa na mume wako!" mmoja akasema. Bibi kwa kawaida angemjibu, na jibu lake lingetembea uwanja mzima. Hakujibu. Nilipaswa kusikia ukimya ule.

Badala yake nikamwonea huruma na kutafuta cha kumfurahisha. Nikaliona gurudumu. Hesabu yangu, nasema bila kuficha, ilikuwa kwamba gurudumu halina sukari. Mimi ninayeogopa hata kupanda juu ya meza kubadilisha taa, nikampandisha bibi yangu kwenye kiti cha chuma, nikakaa naye, tukafungiwa fito mbele, na injini ya dizeli ikakohoa ikatuinua.

Juu kabisa likasimama, wakipakia watu wengine chini. Kiti kikawa kinayumba. Miwa ilikuwa imeenea mpaka milimani, na mbali kidogo shamba moja lilikuwa limewashwa. Moto ulikuwa unatembea kwa mstari ulionyooka, hauna haraka. Sauti yake ilitufikia kama mvua ya mbali. Nilifumba macho. Bibi akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa kama samaki.

"Nani kafunga mlango?" akauliza.

"Mlango gani, bibi?"

Akaanza kuongea Kipogoro, haraka haraka, kwa sauti ya mtoto. Alikuwa anamwomba mama yake amfungulie. Nilifumbua macho. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama lakini mimi sikuwepo mle machoni mwake.

"Acha maigizo, bibi," nikasema. Nilisema hivyo. "Hata ukilia sikupi."

Kichwa chake kikaangukia begani kwangu. Kikawa kizito. Mate yakashuka kwenye gauni langu, na hapo nikajua, maana bibi alikuwa na mzaha wa kila aina ila hakuwahi kujichafua mbele ya watu.

Gurudumu likaanza tena. Tuliposhuka usawa wa ardhi nilimwona baba mdogo amesimama na umati, anacheka, ananipungia. Nikapiga kelele, "Bibi anakufa! Simamisheni!"

"Mrithi huyo!" akajibu kwa furaha. "Anataka mume na vyombo!"

Umati ukapasuka kwa kicheko. Kiti kikatupandisha. Viti vyote vilikuwa vinapiga kelele simamisha, simamisha, kwa raha yao, kwa sababu ndicho kinachosemwa kwenye gurudumu. Nilimshika bibi asiteleze chini ya fito. Mwili wake ulianza kurukaruka. Tukashuka tena, nikalia, "Baba mdogo, si utani!" na mtu mmoja akaigiza sauti yangu, "Si utani!" na wakacheka tena, uso kwa uso nami, karibu kiasi cha kuona meno yao, halafu wakawa wadogo chini yangu.

Mzunguko wa tatu baba mdogo alikuwa hacheki. Aliona mguu. Kandambili ilikuwa imemdondoka bibi na mguu ule wa kushoto ulikuwa unaburuzwa kwenye ubao, mguu ambao bibi alikuwa anautunza kama yai. Baba mdogo akamrukia mwendesha mashine.

Tulimlaza kwenye majani. Watu walituzunguka. "Ana nini? Ana nini?" Mwanamke mmoja akapiga magoti na chupa ya soda, akamwinua bibi kichwa. Na mkono uliopiga ile chupa ikamwagika ulikuwa wangu.

"Msimpe! Ana sukari!"

"Ana sukari! Ana sukari!" wakaitikia, na kila mtu aliyekuwa ameshika kitu cha kumpa akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeutisha uwanja mzima.

Zahanati ilikuwa hatua mia tatu hivi. Baba mdogo alimbeba mgongoni, mimi nimeshika mguu. Mganga alikuwa mtu mfupi asiye na maneno. Alimfunua bibi jicho, akagusa ngozi yake, akauliza, "Anatumia dawa gani?"

Nikamtajia kidonge cheupe.

"Leo kanywa?"

"Saa mbili asubuhi. Hakosi hata siku moja."

"Amekula nini?"

"Hajala kitu kibaya chochote," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari.

"Sijauliza kibaya. Nimeuliza amekula nini."

Nilitafuta kuanzia asubuhi. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, shati limelowa jasho la mama yake, ananisubiri nitaje hata kimoja.

Mganga hakusubiri. Alivunja kichupa, akavuta maji yake kwenye bomba kubwa la sindano, akatafuta mshipa mara mbili, mara ya tatu akaupata. "Hii ni sukari," akasema bila kugeuka. "Kile kidonge kinashusha. Kinashusha hata kama hakuna cha kushusha. Hawakukuambia ale kila baada ya muda?"

Walikuwa wameniambia. Pale pale nilisikia sauti ya nesi wa Ifakara waziwazi, inaeleza taratibu, na mimi nimeinamia daftari napigia mstari neno soda.

Bibi aliamka jua likizama. Aliangalia dari, akaangalia dirisha ambako masizi yalikuwa yanaingia na kutua kwenye shuka, kisha mimi. "Karibu, mama," akaniambia, kwa adabu, kama unavyomkaribisha mtu usiyemfahamu. Mganga akaamuru uji wa sukari. Mkono wangu ulikuwa na kijiko, na nakiri kwamba hata wakati ule ulisita. "Mnyweshe," mganga akasema. Nikamnywesha. Baada ya kila kijiko alisema ahsante.

Baba mdogo alijaribu. "Mama, huyu si mke mwenzio?" Bibi alitabasamu kidogo, tabasamu la mgeni.

Kesho yake alinikumbuka. Tuliporudi Ifakara alikuwa anajua nyumba, jirani na siku za wiki, na nesi aliyetupokea aliridhika na mguu. Alinieleza upya kila kitu, safari hii akinilazimisha nimrudishie kwa mdomo. Bibi akaanza kula wali kidogo, mara tatu nne kwa siku, na aliishi miaka mingine mitano akiwa na miguu yake yote miwili. Watu walinisifu kwa kumtunza.

Lakini hakuniibia tena chakula. Nilikuwa natengeneza sahani yake, naiweka mbele yake, nageuka kuendelea na kazi, na nikirudi naikuta haijaguswa, wali umepoa, yeye ameketi mikono mapajani.

"Nile?" alikuwa ananiuliza.

"Kula, bibi. Ni chako."

"Chote?"

Nilikuwa nakaa chini naanza kula mimi kwanza, kutoka kwenye sahani yake, ili aone.