Pampu Niliyoiweka Juu ya Kilima

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, nisikilize: siku niliyopanda kilima chetu na pampu ya maji ya kutumia petroli begani naikumbuka hadi leo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka kuinunua Meru mjini, na kila niliyekutana naye njiani nilisimama kumsalimia ili aione vizuri.

Nyumba yetu iko juu mteremkoni, na chemchemi iko chini bondeni. Mama yangu aliteka maji huko kila asubuhi, mtungi mgongoni, ukanda wake umemkaza kwenye paji la uso. Nilitaka apumzike. Nakwambia hivyo usije ukadhani nilikosea kwa roho mbaya.

Niliiweka pampu uani, karibu na mlango, majirani waione. Nikateremsha paipu hadi kwenye chemchemi. Jirani yetu, Mzee M'Ikiara, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kumwagilia kahawa miaka mingi, akaja akatazama.

"Kijana," akaniambia kwa upole, "ishushe hiyo mashine kule kwa maji. Kuyasukuma kuja juu inaweza. Kuyavuta kutoka kule chini haiwezi."

"Mzee, hii ni ya kisasa," nikamjibu. "Wewe ngoja uone."

Akasogea kando. Nikaiwasha. Ilinguruma, ikapata moto, ikatoa moshi, ikafa. Hakuna hata tone lililofika.

"Mashine haina makosa," mzee akasema, akaenda zake.

Kesho yake mama akarudi bondeni na mtungi. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Akaanguka, akavunjika mkono, na ule mkono uliunga vibaya. Mpaka leo haunyooki. Nami, kwa aibu, nikawaambia watu kwamba niliuziwa pampu mbovu. Nikalisema hilo hadi nikaoa, nikapata watoto, na watoto wangu wakakua wakiuamini uongo huo.

Sasa nikueleze juu ya binti yangu Kawira, mwalimu. Stima haijatufikia huku juu, kwa hivyo mwaka juzi akaamua kuleta maji kwa sola. Kabla ya kununua hata msumari, alimaliza likizo yake yote akitembea. Aliwauliza wazee ni chemchemi ipi haikauki wakati wa kiangazi. Alipima urefu wa kilima kipande kwa kipande, akitumia kamba na vijiti. Alitazama jua linafika wapi na saa ngapi. Mimi nilikuwa nikimwangalia tu, nikistaajabu alikoupata utulivu huo, maana si kwangu.

Alasiri moja tulikuwa jikoni tukinywa chai, mama yangu akiwa ameketi nasi. Kawira akaniuliza, "Baba, ile pampu yako ya zamani iliharibika vipi hasa? Nisije nikafanya kosa hilohilo."

Mama alijua ukweli wote. Miaka yote hiyo hakunisuta hata mara moja. Nikautazama mkono wake, na ule uongo ukakataa kunitoka mdomoni.

"Haikuwa mbovu," nikasema. "Niliiweka huku juu. Mzee M'Ikiara alinikataza, nikamdharau."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alifungua daftari lake. "Kutoka hapo mlangoni hadi kwa maji? Na paipu ilipita wapi?" Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Mama akaniongezea andazi.

Fundi alipokuja, alitaka kufunga paneli kando ya chemchemi ili atumie waya mfupi.

"Fundi, pale miti inaziba jua hadi karibu saa sita," Kawira akamwambia. "Pampu ibaki chini, lakini paneli tuzipandishe hapa mteremkoni."

Fundi akashuka kujionea, akarudi, akakubali.

Siku ya kuwasha, ukungu ulipoondoka pampu ikaanza kimya kimya, hata nikadhani imekataa. Kisha tukasikia maji yakianguka ndani ya tangi, pale juu ya nyumba. Kawira akamwongoza nyanya yake hadi kwenye bomba la jikoni. Mama akalifungua, akaweka ule mkono uliopinda chini ya maji, akakaa hapo muda mrefu. "Ni yaleyale ya bondeni," akasema. Nikageuka, nisionekane nikilia.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu aliyeifanya kazi kabla yako akikuonya, msikilize, hata kama hajui kusoma. Ukitaka kumsaidia mtu, usiutumie msaada huo kujionyesha. Na ukikosea, sema mapema, kwa maana kosa ulilolificha haliwezi kumfunza anayekuja nyuma yako.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi wa kweli. Akujalie watoto watakaokuzidi, na moyo wa kufurahi wakikuzidi. Na popote utakapojenga, maji yafike mlangoni pako.