Juu, Kulia, Chini

Mdogo wangu alikuwa fundi viatu, na macho yake yalikuwa mazuri kabisa hadi pale mkono wake ulipoishia. Ndani ya urefu huo hakuna kilichompita. Alitia uzi kwenye sindano kwa mara moja tu, na akipitisha kidole kwenye soli alikuonyesha ufa ambao mwenye kiatu hajawahi kuuona. Zaidi ya hapo dunia yake ilikuwa ukungu. Watoto wa mtaani walimwita Darubini. Akivua miwani aliweza kuiamkia nguzo ya umeme kwa heshima zote, kisha akacheka mwenyewe kabla hawajamcheka.

Nilimzidi miaka miwili, lakini yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Mimi ni mtu wa aibu. Hadi leo naweza kusimama mbele ya muuzaji mpaka watu watatu waliokuja baada yangu wahudumiwe. Alikuwa akinisogeza kwa bega na kusema, "Huyu dada yangu ana maneno mengi sana, ila yote yako kwenye karatasi. Mpe sabuni." Siku niliyoripoti chuo kikuu alifunga kibanda chake, akapanga foleni nami tangu asubuhi, na karani alipouliza jina, yeye ndiye aliyelitaja. Karani akataka kujua ni nani hasa anayekuja kusoma.

"Msomi ni huyu," akajibu. "Mimi ni spika yake."

Kwa hiyo aliponiomba kitu, na kitu chenyewe kikawa cha karatasi, sikujiuliza mara mbili.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Vita vya mpakani vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na jeshi lilikuwa linaandikisha vijana kwenye uwanja wa mpira. Askari waliokuwa likizo walimletea buti azishone, wakakaa kwenye benchi lake na kusimulia, naye ameinama na misumari mdomoni, anasikiliza. "Dada," akaniambia siku moja, "nazijua buti zao zote zilichanikia wapi. Mimi mwenyewe sijafika popote." Kifua alikuwa nacho, miguu alikuwa nayo, meno yote yapo. Lakini mwenye miwani hawakumchukua kuwa askari wa miguu.

"Nifundishe ile kadi ya macho," alisema.

Niliijua. Kwa jinsi askari walivyomweleza, ilikuwa ileile iliyotundikwa kwenye zahanati ya chuo, nilikopimiwa miwani yangu. Ina herufi moja tu, E, iliyopangwa kwa mistari saba, kubwa juu na kupungua hadi kuwa kama punje ya mchele, kila moja imegeukia upande wake. Daktari anaigusa kwa fimbo, nawe unaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Nikarudi zahanati, nikamwambia muuguzi kwamba kichwa kinaniuma, na nikiwa nasubiri nikainakili yote nyuma ya daftari langu la fasihi.

Wiki mbili tulikaa kibandani baada ya kazi. "Mstari wa nne," nilisema. "Juu, kulia, chini, kulia, kushoto," alijibu. "Wa nne, ya tatu?" "Chini." Alizikariri kwa nyundo, pigo moja kwa kila upande. Shuleni hakuwahi kushika beti mbili za shairi. Hii aliimeza nzima. Fimbo ya daktari angeiona, alisema, kwa kuwa ni ndefu. Angehesabu tu ni herufi ya ngapi kutoka pembeni. Mama alipita jioni moja na kapu lake la nguo, akatukuta tunaimba juu, kulia, chini.

"Hata hujaandikishwa, umeshaanza kwata?" akasema huku akicheka.

Tukacheka naye. Nakumbuka mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Alifaulu. Alirudi nyumbani uso mtupu, na mama akauliza miwani iko wapi. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini kwa miaka ishirini, na neno la daktari kwake halikuwa na mjadala.

"Daktari kasema macho yamekomaa, mama," mdogo wangu akajibu. "Mtu akikua yanajirekebisha."

Mama akanigeukia. "Wewe uliyesoma, kuna mambo kama hayo?"

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakitazama. "Inawezekana, mama," nikasema.

Miaka yangu yote ya maktaba, sijawahi kusema jambo likaaminiwa upesi hivyo. Miwani aliniachia mimi, nami nikaificha kwenye droo yangu, ndani ya soksi.

Mafunzo yalichukua miezi sita, kisha wakapelekwa mpakani. Huko aliitwa Fundi. Alikuwa amebeba sindano na nta, na jioni buti za kikosi zilipangwa mbele yake kama wagonjwa. Simu zake zilikuwa fupi na za mzaha. Mara moja tu sauti ilimshuka. "Dada, huku kila kitu kiko mbali," alisema. Nikamuuliza kama nimtumie ile miwani. "Ukiituma watajua, watanirudisha. Acha." Nilikuwa na mtihani kesho yake. Niliona nimetuliwa mzigo, nikarudi kwenye vitabu.

Mwezi wake wa tano huko, maofisa wawili walikuja na karatasi iliyosema amefariki akiwa doria. Tulimzika bila kufunua sanduku.

Baada ya mazishi ukapita mwezi, akaja kijana mmoja wa kikosi chake. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima, lakini siku hiyo maneno yalimtoka kwa shida. Alivua buti mlangoni, akaona mama anazitazama.

"Ndiyo, mama. Mshono huo ni wake. Kikosi kizima tunatembelea mkono wake."

Mama akamkaribisha kiti, akamwambia asimfiche kitu.

"Kwenye doria tunatawanyika," Redio alisema. "Hakuna kuongea, ni ishara za mkono tu. Fundi siku zote alikuwa ubavuni kwangu. Nikisimama, nakohoa kidogo, naye anasimama. Hatukuwahi kulizungumza. Ila sote tulijua haoni mbali." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku ile nilikuwa na homa, nimeachwa kambini. Wenzangu wanasema kamanda aliona waya wa bomu kwenye majani, akainua ngumi. Wote wakasimama. Yeye akaendelea hatua nne."

"Haoni mbali," mama akarudia taratibu. "Si alipimwa?"

"Alipimwa, mama. Sote tulipimwa."

"Basi aliyempima ndiye aliyeniulia mwanangu."

Nikainuka kwenda kuleta maji. Nilikaa jikoni, bilauri imejaa mkononi, mpaka niliposikia Redio anaaga.

Tangu siku hiyo mama alipata mtu wa kumchukia. Hakuwahi kumwona, lakini alimjenga kidogo kidogo, kila jioni kipande: daktari mvivu, simu sikioni, anapiga miayo, anaweka alama ya vema bila kuinua kichwa. Mimi nilimfikiria tofauti. Nilimwona mtu ameshika fimbo, anamtazama kijana anayeonyesha kwa mkono bila kukosea, na pengine anafurahi kwamba leo amepata macho mazuri.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja mchana, mama aliweka karatasi mezani. Upande mmoja wa meza kulikuwa na mashuka yetu aliyoyaanua, bado hajayakunja.

"Mwanangu, chukua kalamu. Andika kwa mkuu wa hospitali ya jeshi. Huyo daktari nataka afukuzwe."

Alitamka, nikaandika. Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini hakuna kitabu changu chenye sentensi kama zake. "Nimewafulia madaktari damu za watu miaka ishirini na sijaacha doa," alisema. "Huyu wa kwenu kazi yake ilikuwa kutazama tu." Niliiandika hiyo.

"Umefika wapi? Nisomee."

Nikasoma. Karatasi ilinisaidia, kama kawaida. Mbele ya karatasi sauti yangu hutoka. Nikasoma damu za watu, nikasoma kutazama tu, na maandishi yalipoisha sikunyamaza. Niliendelea na macho yangu palepale, kwenye nafasi nyeupe, kama mtu anayesoma.

"Daktari hana kosa. Kijana alikuwa amekaririshwa kadi yote kabla hajapimwa. Aliyemkaririsha ni dada yake. Macho hayakukomaa, na dada yake alijua."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Hilo sikukutamkia," mama akasema.

"Hapana, mama."

Nilikwenda chumbani, nikarudi na lile daftari na ile soksi, nikaviweka mbele yake. Akalifungua daftari nyuma, akaziangalia zile herufi zilizogeuka geuka.

"Ile kwata," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilicheka."

"Sote tulicheka."

"Mimi nilicheka nikiwa sijui." Akafunga daftari. "Alikosea ngapi huko?"

"Hakukosea hata moja."

Akatikisa kichwa, na kitu kikampita usoni ambacho, kama si siku hiyo, ningekiita fahari. Kisha kikaondoka. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa kwa miezi, kwa lugha nzuri, na kila neno lake sasa lilinitia aibu.

"Hiyo ichane," akasema. "Chukua nyingine. Mwandikie yule kijana."

"Redio?"

"Mwambie homa yake haina hatia. Mweleze kwa nini, lote ulilonisomea. Uweke na jina lako chini."

Niliandika. Kuandika kwa Redio kulikuwa kugumu kuliko kwa mkuu yeyote, maana nilijua atakaa wapi akiisoma na buti gani zitakuwa miguuni. Niliandika kuhusu kadi, nyundo, kijiko, simu ya kabla ya mtihani. Nikaweka jina langu. Muda wote huo nilimsikia mama anakunja mashuka, kona kwa kona, kisha nikaacha kumsikia.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameketi mbele yangu, amevaa miwani ya mwanawe, ananitazama. Kwa macho yake mazima ni lazima nilikuwa ukungu mtupu. Hakuivua, wala mimi sikuthubutu kumwambia aivue.