Picha Nilizozifuta kwenye Simu ya Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Kipimo kwa sababu hakuhitaji tepu. Alikutazama mara moja ukiingia mlangoni, akajua kiuno na mabega. Mteja akibana tumbo alimwambia, "Pumua, shoga. Nguo utaivaa siku nzima, na mimi sitakuwepo kukuhesabia pumzi." Simu yake aliiegemeza kwenye kopo la vifungo, ili wateja wapekue picha za mishono.

Alipoona uvimbe kwenye titi aliniambia mimi tu. Alipanga kumweleza mumewe baadaye, akishapata majibu ya hospitali. Akaingia kwenye tovuti ya hospitali kwa simu ileile, akajibu maswali yao, akaomba miadi. Hatukujua kwamba ndani ya tovuti hiyo kulikuwa na kitu kinachofuatilia watu, kikipeleka majibu yao kwa wenye matangazo bila ruhusa. Siku chache baadaye simu ikaanza kuleta matangazo ya matiti ya bandia na dawa za saratani. Yalijitokeza mikononi mwa bibi harusi aliyekuwa anachagua mshono. Binti alirudisha simu kwenye kopo, akaaga kwa heshima. Kesho yake mama wa binti huyo akaja kuchukua kitambaa chao, hakijakatwa.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Mwezi haukuisha, wateja wakapungua, na shemeji yangu akaisikia habari ya mkewe akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Aliamini dada alimwambia kila mtu isipokuwa yeye. Dada alipomweleza kuhusu matangazo, alijibu, "Simu haina mdomo."

Kuanzia hapo hakumwuliza tena habari ya ugonjwa. Dada akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya kulinda taarifa binafsi. Afisa alimweleza kwamba sheria inatoa fidia hata kwa aibu na maumivu ya moyo, ila lazima madhara yaonekane na yajulikane yametoka wapi. Fidia dada aliihitaji, lakini aliniambia anataka zaidi ile karatasi yenye muhuri, aiweke mezani mbele ya mumewe.

Ushahidi alikuwa nao: picha za kila tangazo, zenye tarehe. Afisa alimshauri azichapishe. Dada alicheka. "Nikachapishe siri dukani kwa jirani, ndipo nidai siri yangu imevuja?" Wakakubaliana alete simu yenyewe siku ya shauri. Hospitali ikaomba kuahirisha mara mbili. Dada alifariki siku kumi na moja kabla ya tarehe ya tatu.

Nilimwosha mimi, pamoja na wanawake wawili. Tumefundishwa kwamba anayeosha maiti husitiri, alichokiona kinaishia palepale. Niliona kidonda, nikakifunika. Kisha nikasikia simu atapewa binti yake. Nikaifungua, nikaziona zile picha, nikaona kwamba hata hizo ni mwili wa dada. Nilidhani shauri hufa na mwenye shauri. Nikazifuta zote huku nikimwombea, nikafuta na kila kitu kingine, simu ikawa kama imetoka dukani.

Wiki tatu baadaye ikaja barua: warithi wanaweza kuendelea na shauri, waje na simu. Siku ya shauri shemeji alivaa shati lililopigwa pasi. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali kusikiliza.

Afisa aliipekua simu kwa muda mrefu. "Humu hamna kitu, mama. Nakala hamkuweka?"

Nikasema nilizifuta mimi, na kwa nini. Wakili wa hospitali hakunicheka. Aliinamisha kichwa, akasema upande wake hauna kumbukumbu zozote za matangazo.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu," shemeji akasema.

"Zilikuwepo, shemeji. Wallahi nilizifuta mimi."

"Wewe ni mdogo wake. Ungesema nini kingine?"

Afisa aliandika kwamba shauri limefungwa kwa kukosa ushahidi. Muhuri ukagongwa. Shemeji akaisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na simu.

Nilimsitiri dada yangu, na waliomvua nguo mbele ya watu nikawasitiri pamoja naye. Imamu anasema Mungu huangalia nia. Naamini. Lakini shemeji anayo karatasi yenye muhuri, na inasema alivyokuwa akisema yeye: simu haina mdomo.